AC ya gari haipozi Tanga: kagua joto la hita kabla hujanunua gesi

Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba mpaka Machi, malalamiko ya AC hapa Tanga huwa yale yale. Mwenye IST anayeishi Raskazone na mwenye Noah anayepakia Kange wanasema maneno yanayofanana: "Fundi, asubuhi inapoza, mchana ni upepo tu." Na jibu wanalopewa mitaani ni moja: ongeza gesi.

Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama mafuta. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Tena magari mengi yanayopelekwa kujazwa gesi yanayo ya kutosha. Baridi inatengenezwa vizuri, kisha inapotezwa njiani kabla haijakufikia usoni. Ndiyo maana nimeanza na dalili inayotokana na hita, kwa sababu dawa yake ni rahisi, unaweza kuifanya mwenyewe, na ukitaka kurudisha gari kama lilivyokuwa unarudisha bila kuacha alama.

Kabla ya yote tafuta kipimajoto cha jikoni chenye sindano ndefu. Usitegemee mkono. Ukitoka juani kwenye digrii 33, upepo wa digrii 18 utauona baridi, na dakika tano baadaye utauona joto, ilhali haujabadilika. Chomeka sindano kwenye tundu la katikati la dashibodi, weka AC kwenye baridi ya mwisho, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani (kile chenye picha ya gari na mshale unaojikunja), feni iwe ya kati, funga milango na vioo, injini iungurume kwenye mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Subiri dakika kumi. Kwa joto na unyevu wa pwani, digrii 7 mpaka 12 ni AC nzima. Ikisoma 13 mpaka 16 kuna kitu kinakula baridi yako. Ikizidi 18, shida ni kubwa zaidi.

Angalia na kitufe chenyewe. Wengi huendesha mwaka mzima kikiwa kwenye hewa ya nje, kwa hiyo AC inapambana na hewa ya Tanga yenye unyevu mwingi, na sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kuugeuza ule unyevu kuwa maji. Ukiingia kwenye gari lililolala juani, teremsha vioo vyote uendeshe dakika moja au mbili hewa ya moto itoke, ndipo ufunge na uzungushe hewa ya ndani. Wapo waliopona kwa hilo peke yake.

Dalili ya kwanza: inaanza na baridi, injini ikipata moto inageuka vuguvugu

Ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo mbili. Ya kwanza ni evapureta, inayopoza. Ya pili ni rejeta ya hita, inayopitisha maji ya injini yenye joto la digrii 80 mpaka 95. Upepo hupita kwanza kwenye evapureta, halafu hukutana na kipazia kidogo kinachoamua upite kwenye hita au usipite. Ukizungusha swichi kwenye baridi kabisa, kipazia kinatakiwa kufunga hita kabisa. Magari mengine yana pia koki inayokata maji ya moto yasiingie.

Magari tunayoendesha huku yametoka Japani yakiwa yameshatumika miaka mingi. Pembeni mwa kipazia kuna sponji ya kuziba, nayo huchakaa. Ukiwasha feni kwa nguvu na ukaona vipande vidogo vyeusi vinaruka kutoka kwenye matundu, vikibonyezwa kwa vidole vinasagika kama unga wenye mafuta, basi ndiyo hiyo sponji inaondoka. Tangu hapo, hata swichi ikiwa kwenye baridi, hewa ya moto inajipenyeza na kuchanganyika na ya baridi. Sisi wa Tanga hita hatuihitaji hata siku moja, lakini tunatembea nayo imejaa maji ya moto kutwa.

Vyanzo, kwa jinsi vinavyotokea mara nyingi: kebo ya swichi kulegea au kuchomoka, sponji ya kipazia kuisha, koki ya hita kutofunga mpaka mwisho, na kwa magari ya AC ya kujiongoza yenyewe, mota ndogo ya kipazia kuvunjika meno.

Anza na swichi. Zima feni na redio, zungusha swichi ya joto kutoka moto mpaka baridi polepole huku ukisikiliza. Mwishoni unatakiwa usikie kishindo kidogo, kipazia kinapogonga ukuta wake. Usiposikia, lala chini ya dashibodi na tochi utafute waya mwembamba unaovuta mkono wa plastiki pembeni mwa boksi la hita. Mara nyingi kiklipu kinachoshika ganda la waya kimeachia. Sukuma mkono ule kwa kidole mpaka mwisho wa upande wa baridi, swichi nayo ikiwa kwenye baridi, kisha bana klipu. Kazi imeisha, hujatoa hata shilingi. Kama gari lako linatumia mota na unasikia "ka-ka-ka" kila ukibadili joto, meno yameisha na mota inabadilishwa.

Swichi ikiwa nzima, pima. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, washa gari na AC, soma kipimajoto ndani ya dakika tano za mwanzo. Kisha endesha mpaka mshale wa joto la injini ukae mahali pake pa kawaida, na upime tena. Tofauti ya digrii tano au zaidi inaelekeza kwenye hita. Haijathibitisha bado, maana jua nalo limepanda.

Uthibitisho uko chini ya boneti. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria utaona mipira miwili inayoingia ndani, imekaa jirani. Ndiyo mipira ya hita: mmoja unaleta maji ya moto, wa pili unayarudisha. Injini ikiwa imepoa, zungushia kitambaa kinene mpira unaoleta maji, kisha ubane kwa kibanio chenye midomo ya mviringo, kiasi cha maji kutopita, si kwa nguvu zako zote. Mpira mgumu uliopasukapasuka usiubane kabisa, utakatika mkononi. Washa gari, lisubiri lipate moto, pima. Joto la tundu likishuka digrii tatu, nne au zaidi kuliko ulivyosoma jana saa hizo hizo, umempata mwizi wako. Lisipobadilika, toa kibanio uende dalili inayofuata.

Kibanio si cha kuendeshea siku zote, kwa sababu kinaua mpira. Kinachokaa ni koki. Duka za vipuri vya magari huuza koki ya hita, ya shaba au ya plastiki iliyotengenezwa kwa maji ya injini. Usichukue koki ya plastiki ya bomba la nyumbani, kwa joto la digrii 90 italainika na kukumwagia maji yote njiani. Pima kipenyo cha ndani cha mpira wako kabla ya kwenda dukani, mara nyingi ni kama milimita 16.

Kuna aina mbili, na hapa uwe makini. Koki ya midomo miwili inafunga tu. Ya midomo minne, ukiifunga, inageuza maji yarudi kwenye injini bila kupita kwenye hita. Baadhi ya injini hutegemea njia ya hita kuzungusha maji kabla themostati (mlango unaofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) haijafunguka, kwa hizo ya midomo miwili haifai. Kama huna uhakika na injini yako, nunua ya minne, kwa sababu haizuii mzunguko kwa injini yoyote.

Kazi ifanyike injini ikiwa imelala usiku kucha. Fungua mfuniko wa rejeta, weka ndoo chini. Kulanti, yaani yale maji ya injini, ni sumu na ina utamu unaovutia wanyama, kwa hiyo usiiache uani ambako kuna watoto na mbuzi. Badala ya kukata mpira wa gari, uchomoe mzima uuweke kwenye buti, na utumie vipande vya mpira mpya wa hita wa kipenyo kile kile. Hapo ndipo kazi inabaki ya kurudishika: siku ukiuza gari, au ukihamia Lushoto, unafunga mpira wa zamani na hakuna anayejua. Mshale kwenye koki ufuate mwelekeo wa maji. Kaza klipu kila upande.

Jaza kulanti, acha koki wazi na swichi ya ndani kwenye moto, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, washa gari mpaka hewa imalize kutoka na feni ya rejeta iwake na kuzima. Ongeza panapopungua, funga mfuniko, ndipo ufunge koki. Wiki ya kwanza tupia jicho geji ya joto kila unapoendesha na ukague chini asubuhi kama kuna tone.

Wenye Noah na Hiace zenye hita ya nyuma: mpira hugawanyika kwenda mbele na nyuma. Koki iwekwe kabla ya mgawanyiko, la sivyo abiria wa nyuma wataendelea kupata moto.

Mambo mawili ya kukumbuka ukishafunga. Injini ikianza kuchemka, kuwasha hita kwa nguvu ni njia ya dharura ya kuipunguzia joto, na sasa lazima ufungue koki kwanza. Pili, ukipanda Usambara mwezi wa saba, kioo cha mbele kitafunga ukungu; fungua koki kabla hujaianza milima.

Acha na umwite fundi kama mshale wa joto unapanda kupita ulipozoea baada ya kufunga koki, kama mipira ya hita imepita mahali ambapo huwezi kuifikia bila kufungua vitu vingine, au kama gari ni la haibridi (linalotumia petroli na umeme). Kwenye haibridi kompresa, yaani pampu ya gesi ya AC, huendeshwa kwa umeme mkubwa, na nyaya zake za rangi ya chungwa zinaua. Na mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata kidogo.

Dalili ya pili: ukitembea inapoza, ukisimama inakuwa joto

Hii ni ya wenye teksi na wanaosubiri abiria. Kondensa, ile rejeta nyembamba iliyokaa mbele ya rejeta ya maji, inatakiwa kutupa joto nje. Gari likitembea upepo unaisaidia. Likisimama inategemea feni peke yake.

Kipimo chake kinafurahisha kwa urahisi. Gari limesimama linaunguruma, AC imewashwa, kipimajoto kipo kwenye tundu. Mimina maji safi polepole juu ya kondensa kupitia grili ya mbele. Digrii zikianza kushuka ndani ya dakika moja au mbili, tatizo ni upepo wa kondensa, gesi iache.

Angalia feni kwanza. AC ikiwashwa inatakiwa ianze kuzunguka muda huo huo au baada ya muda mfupi. Isipowaka, kagua fyuzi yake, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme iliyo kwenye boksi la fyuzi), kisha mota. Usiingize mkono humo hata gari likiwa limezimwa, feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe. Chomoa terminali ya hasi ya betri kabla ya kugusa.

Kisha uchafu. Ukipita njia za vumbi za mashamba ya mkonge, au nyuma ya malori ya saruji ya Pongwe, vumbi linajaa kati ya vibati vyembamba vya kondensa na unyevu wa bahari unaligandisha. Osha kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu kubwa, kondensa ikiwa imepoa. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inavilaza vibati, na vikilala hakuna upepo unaopita tena. Magari yanayolala karibu na bahari yana tatizo lao: vibati vinageuka vyeupe na kudondoka ukivigusa. Hapo maji hayasaidii, kondensa imeliwa na chumvi na inabadilishwa na fundi.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakiangalii, na dawa yake ni rahisi kuliko zote. Pembeni na juu ya kondensa huwa kuna vipande vya sponji au mpira vinavyoziba nafasi, ili upepo wa feni upite kwenye kondensa usizunguke pembeni. Gari lililowahi kunyooshwa mbele hurudi bila hivyo vipande. Matokeo yake, likisimama, feni inavuta hewa ya moto ya injini iliyozunguka pembeni na kuirudisha kwenye kondensa ile ile. Kata vipande vya sponji ngumu isiyonywa maji (ya godoro haifai, inanyonya maji na kuoza), ubandike mahali penye uwazi. Usizibe mbele ya kondensa yenyewe wala sehemu ya rejeta. Vikikukera, unavibandua.

Dalili ya tatu: upepo unapungua ukiwa safarini

Umetoka Tanga mjini vizuri, ukifika karibu na Segera feni inanguruma lakini upepo hautoki. Ukizima AC dakika kumi na tano, upepo unarudi. Evapureta imeganda barafu.

Chanzo cha kwanza ni filta inayochuja hewa ya AC. Kwenye magari mengi ya Japani ipo nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria. Bana kuta za droo, iteremke, vuta kijisanduku. Filta ikiwa nyeusi, badilisha. Ukikuta nafasi haina filta kabisa, mulika ndani: majani na manyoya yamekaa moja kwa moja juu ya evapureta, na kuyatoa vizuri ni kazi ya kufungua dashibodi, usiyachokoe kwa waya maana vibati vile ni laini na bomba lake likitoboka gesi yote inaondoka.

Filta ikiwa safi na bado inaganda, basi ni gesi iliyopungua au kihisi cha baridi kilichokufa. Vyote ni vya fundi mwenye geji za kupimia gesi.

Dalili ya nne: haipozi kabisa, asubuhi wala usiku

Fungua boneti, mwambie mtu awashe AC ndani. Tazama uso wa puli ya kompresa bila kusogeza mkono wala nguo: sahani ya mbele inatakiwa inase na kuzunguka pamoja na puli, kwa mlio mfupi wa "tak". Isiponasa, kagua fyuzi ya AC, kisha badilishana rilei yake na nyingine ya aina ile ile iliyo kwenye boksi hilo. Mkanda nao uutazame kama umelegea au umepasuka. (Kompresa nyingine mpya hazina klachi, yaani sahani hiyo inayonasa, hizo hazipimwi hivi.)

Fyuzi na rilei zikiwa nzima na klachi hainasi, mara nyingi swichi ya presha, inayohisi shinikizo la gesi, inaizuia kwa sababu gesi imepungua mno. Kuna wanaounganisha waya kuiruka swichi hiyo ili kompresa izunguke kwa lazima. Usikubali. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi. Bila gesi inazunguka kavu, inasagika, na chenga za chuma zinaingia kwenye mfumo mzima.

Pitisha tochi kwenye maungio ya mabomba ya AC. Palipo na vumbi jeusi lenye unyevu wa mafuta ndipo panapovuja. Unachoweza kufanya mwenyewe kinaishia hapo. Ukilegeza ungio, gesi ya R134a (aina ya gesi ya AC) inatoka kwa shinikizo, na kwa kuwa inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, inagandisha ngozi na macho papo hapo.

Fundi anayejua kazi ataziba uvujaji kwanza, atanyonya hewa na unyevu kwa mashine si chini ya nusu saa, ataona kama mfumo unashikilia, kisha atapima gesi kwa gramu kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari madogo mengi huchukua kati ya gramu 400 na 600, yenye AC ya nyuma huchukua zaidi. Anayejaza kwa kukisia mpaka "ipoe" anaweza kuizidisha, na gesi ikizidi baridi inapungua vilevile. Omba kuona mtungi. Wapo wanaotumia gesi ya kupikia kwa sababu ni nafuu. Inapoza, ndiyo, lakini bomba likipasuka ndani ya dashibodi umekaa na watoto wako kwenye chumba chenye gesi inayowaka kwa cheche moja.

Dalili ya tano: kapeti imelowa, au harufu

Maji kudondoka chini ya gari AC ikiwaka ni dalili njema. Kwa unyevu wa Tanga yasipodondoka ndiyo ushtuke. Kapeti ya abiria ikilowa, kibomba cha kutolea maji kimeziba. Kitafute chini, kwenye ukuta wa injini upande wa abiria, mpira mwembamba uliojikunja. Ukamue kwa vidole au puliza kwa mdomo kutoka nje. Usitumie upepo wa kompresa ya gereji. Harufu ya uvundo hupungua ukijizoesha kuzima AC dakika chache kabla ya kufika huku feni ikiendelea, evapureta ikauke.

Lakini gusa yale maji kwanza. Yakiwa yanateleza kwenye vidole, yana rangi, na kioo cha mbele kinajipaka utando wa mafuta wenye harufu tamu, hayo ni maji ya injini, na rejeta ya hita imetoboka. Kama ulishaweka koki ya midomo minne, ifunge ufike nayo gereji; kama hujaweka, ongeza maji, angalia geji kila dakika, na usilale nalo hivyo ukaendesha kesho.